Bei Imeandikwa, Fedha ni za Nani?

Je, kutazama kitu kizuri dukani na kukipenda ni dhambi? Wakatekumeni wengi huuliza hivyo, na swali lao lastahili jibu lililo wazi.

Mwaka 1906 ilimalizika reli ya kilomita 125 kutoka Ubundu mpaka Kisangani, kwa maana maporomoko ya Boyoma huzuia vyombo mtoni kati ya miji hiyo miwili. Wasafiri wa gari la moshi walishuka ng'ambo ya kushoto, wakavuka mto, wakaingia mjini penye maduka. Zamani, huko Paris, duka kubwa liitwalo Bon Marché, ambamo Aristide Boucicaut aliingia kuwa mshirika mwaka 1852, lilisifika kwa desturi hii: kila mtu huingia na kutazama pasipo kulazimishwa kununua, na bei huandikwa juu ya kitu, ile ile kwa tajiri na kwa maskini. Desturi hiyo ni njema, kwa kuwa asiyejua kupatana bei haonewi.

Basi na afikiriwe mtu wa Ubundu aliyeingia katika duka la namna hiyo. Mfukoni ana fedha zake kidogo, pamoja na fedha za mjane, jirani yake, aliyemtuma amnunulie blanketi. Akaona koti, akalishika, akalivaa, akajitazama kiooni. Mpaka hapo hana kosa, maana kazi nzuri ya mikono ya watu yastahili kusifiwa. Kisha likamjia wazo: "Nitumie fedha za mama yule, nikiuza mawese nitamrudishia." Wazo hilo, naye akilifukuza, si dhambi bali ni kishawishi. Lakini akilikaribisha na kukusudia kulitenda, amekwisha kukosa kabla hajafungua mfuko.

Pengine atajitetea: "Huu si wizi, ni mkopo." La! Mkopo hutolewa na mwenye mali. Mjumbe hajikopeshi mwenyewe. Tena baridi ya usiku haingoji mpaka mawese yauzwe.

Angalieni: karatasi ya bei husema kitu ni fedha ngapi, haisemi fedha hizo ni za nani. Neno hilo husomwa katika dhamiri. Mwenye duka hajui, wala abiria wenzake hawajui, Mungu ajua. Heri yule arudiye kijijini na koti lake kuukuu mwilini, na blanketi la mjane mkononi.