Nia Njema Inatosha?

Tarehe 15 Februari 2018, katika onyesho la Mwaka Mpya wa Kichina la televisheni ya CCTV, kulikuwa na mchezo mfupi kuhusu reli ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa mwaka 2017. Mwigizaji Mchina, Lou Naiming, alipakwa rangi nyeusi usoni na kuwekewa makalio ya bandia ili awe mama wa Kiafrika. Alifuatana na mtu aliyevaa vazi la tumbili.

Waliotetea mchezo ule walisema nia ilikuwa kusifu urafiki. Huenda ni kweli. Lakini binti wa mama huyo aliigizwa na mwanamke Mweusi. Kwa nini mama naye asitafutwe?

Likizo ikiisha, mtoto wetu anarudi darasani hapa Guangzhou. Wenzake hawakuiona nia ya mtunzi. Wameona makalio na tumbili. Kwa hiyo tunasema nia njema haitoshi. Anayechorwa naye aulizwe.

Haki hii ina pande mbili. Kule nyumbani wapo wanaovuta macho kwa vidole na kuiga Kichina cha uongo, na watu hucheka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Tuwafundishe watoto kipimo kimoja: kabla ya kumwigiza mtu, jiulize, angekuwa ameketi hapa mbele, angecheka pamoja nasi? Mchina na Mwafrika wote wameumbwa kwa mfano wa Mungu. Bwana atusaidie.