Bei ya Pua ya Mtu

Pua ya mtu ina bei gani? Usicheke, ndugu msomaji. Katika miji yetu siku hizi wapo vijana wanaokula kwa kurefusha pua za watu, nami ni mmoja wao. Mteja anakuja studio, anapigwa picha, picha inaingia kwenye kompyuta. Kichwa kinakuzwa mpaka kinakishinda kiwiliwili, taya linavutwa, meno yanapewa uwanja wake, kisha mwenyewe anaondoka na karatasi akawachekeshe watoto nyumbani. Watu wa mtaani huiita katuni. Wasomi husema kikaragosi. Kuitengeneza hakunisumbui. Linalonikosesha raha ni hili: nimwambie mtu alipe kiasi gani, na kiasi hicho kiwe haki?

Hesabu ya kwanza hata mtoto wa darasa la nne anaiweza. Tuseme karatasi na wino ni shilingi 2,000. Umeme na kodi ya chumba, ukivigawa kwa kazi za siku, 3,000. Saa 2 za kukaa mbele ya kioo cha kompyuta, kila saa 5,000. Jumla 15,000. Andika risiti, yaishe.

Ngoja kwanza. Mwaka wa kwanza uso mmoja hula saa 2. Mwaka wa tatu, vidole vikishazoea, unakula dakika 40. Kwa hesabu ile ile bei inashuka mpaka kama 8,300. Yaani kadiri unavyoijua kazi ndivyo unavyolipwa kidogo! Mzembe anashiba na fundi analala njaa. Hapo lazima kuna kasoro.

Kesi ya namna hii ilishawahi kufika mahakamani. Mwaka 1878, huko London, mchoraji Whistler alimshtaki mhakiki Ruskin, aliyeandika kwamba kutaka gini 200 kwa picha kama ile ni kuwatupia watu rangi usoni. Wakili akamhoji: kazi ya siku 2 ndiyo unaitaka pesa zote hizo? Whistler akajibu kwamba analipisha maarifa aliyoyapata maisha yake yote. Alishinda kesi, lakini fidia aliyopewa ilikuwa robo ya peni, na mwaka uliofuata akafilisika.

Vijana wenzangu wa kazi hii hulipenda sana jibu lile. Mimi naliona tamu, na utamu wake unanitia shaka. Maarifa ya maisha yote hayana mizani. Tapeli naye anaweza kuyataja. Tena Whistler alichora fataki za usiku, na fataki hazina mama wala mchumba. Mimi malighafi yangu ni uso wa mtu aliyekaa mbele yangu. Bila yeye sina kazi. Sasa inakuwaje anilipe mimi tu, wakati sehemu kubwa ya mali kaileta mwenyewe?

Nimejaribu kujijibu hivi. Mwaka 1985 Mmarekani Susan Brennan alichapisha maelezo ya programu yake ya kompyuta ya kuchora vikaragosi. Siri yake ni nyepesi: chukua uso wa wastani, ulinganishe na uso wa huyu bwana, kila kinachotofautiana kikuze. Kama pua imezidi wastani kidogo, izidishe sana. Leo, tangu mwaka 2022 hivi, programu za akili mnemba zimesambaa mpaka kwenye simu, na mteja anakutolea macho: "Kaka, simu yangu inafanya hivi bure." Anasema kweli. Sitabishana naye.

Ila mashine inapima tofauti, haijui ipi inauma. Dada mwenye pengo huenda analiringia pengo lake. Ndiyo alama ya ukoo wao. Mwenzake mwenye kovu shavuni hataki hata kulisikia. Kwa mashine, pengo na kovu ni kitu kimoja: kipimo kimezidi. Mimi naweza kuuliza, "Kuna mahali usipopenda paguswe?" Swali hilo linachukua dakika 2, na naamini ndilo hasa ninaloliuza. Ninauza kujua pa kukomea. Basi pua yake sijainunua wala sijaiuza. Analipia kazi yangu pamoja na uangalifu wangu. Uso unabaki wake.

Ukikubaliana nami hapo, mambo mawili yanafuata.

La kwanza: nyuso zote bei moja. Nimewahi kusikia fundi akisema, "Sura yako ngumu, ongeza kidogo." Hapana, bwana. Ukimtoza mtu zaidi kwa sababu ya sura yake umeshatoa hukumu, tena umemlipisha gharama za kesi. Vichwa vitatu kwenye picha moja, sawa, hiyo ni kazi mara tatu. Lakini kichwa kwa kichwa wote sawa. Na ile bei ya macho tunayoizoea, mwenye gari atajiwe 50,000 na mwanafunzi 10,000? Wapo wasemao kwamba hiyo ndiyo haki yenyewe, aliye nacho amsaidie asiye nacho. Mimi sipingi mwanafunzi kupunguziwa. Napinga kufichaficha. Kama punguzo lipo, liandikwe ukutani, mwenye gari alisome na kukubali. Usipomwambia umemchagulia sadaka yake, na sadaka ya kuchaguliwa ni wizi wenye adabu.

La pili ni gumu zaidi. Mara nyingi anayelipa siye mwenye uso. Alikuja kijana mmoja na picha ya mwenzake wa ofisini aliyokuwa nayo kwenye simu. "Masikio yawe kama ya tembo," akasema, "tunamuaga Ijumaa. Bei taja wewe." Nikamuuliza kama mwenyewe anajua. Akacheka: "Akijua utamu unaisha." Angeweza kulipa mara mbili, nilimwona. Nikamwambia amlete, au anipigie naye simu. Hakurudi. Kodi ya chumba haikunisubiri, wala bosi wangu hakufurahi.

Mtanibishia: mbona Daumier alimchora mfalme wa Ufaransa Louis-Philippe kama jitu linalomeza mali za watu, akafungwa miezi 6 mwaka 1832, na leo tunamsifu? Mbona akina Gado na Kipanya wanawachora mawaziri bila kuwaomba ruhusa? Ni kweli. Lakini mfalme ana majeshi, na waziri ana jukwaa la kujibia. Karani wa ofisini ana nini siku ya kuagwa, watu wote wamemzunguka na keki mezani? Atacheka tu. Na kicheko cha mtu asiye na njia nyingine si ridhaa. Kwa hiyo kazi ya namna ile haina bei ya juu wala ya chini. Fedha ya mwenye pochi haiwezi kununua ruhusa iliyo mfukoni mwa mtu mwingine.

Nayasema haya katika gazeti la waandishi kwa sababu yanatuhusu. Wengi wetu tunaota kuandika riwaya, na riwaya zetu zimejaa majirani. Tunamchukua shangazi wa watu, tunamvuta ulimi, tunampa tamaa ambayo hakuwa nayo, kisha tunatafuta mchapishaji atulipe. Studio angalau mtu anakuja kwa miguu yake na kukaa kitini. Kwenye riwaya hajui hata kama amepigwa picha. Nani kati yetu huuliza, "Kuna mahali usipopenda paguswe?"

Sidai kwamba mwandishi apite mlango kwa mlango na fomu za kutia sahihi. Tungebaki na riwaya za paka na mbuzi. Nadai kwamba kabla ya kukuza kitu cha mtu ajiulize kama anakikuza kwa kuwa ndicho kinachomtambulisha, au kwa kuwa ndicho kinachomuuma. Cha kwanza ni kazi, na kazi ina ujira wake. Cha pili, hata ukilipwa, pesa yake ni ya masikio ya tembo.