Mnazi Haungoji Kiinua Mgongo

Umesema tena.

Umesema juzi pale kijiweni, kikombe cha kahawa mkononi: "Nikistaafu tu, narudi Tanga. Najenga Pangani, nakaa barazani naiangalia bahari." Wenzako wakacheka, ukacheka nao, kisha ukapanda daladala kurudi chumba cha kupanga Mbagala.

Una miaka mingapi wewe?

34. Kustaafu ni 60. Yaani umejitengea miaka 26 ya kusema.

Kwamba unaipenda Tanga, sibishi. Nakuona basi likifika Segera. Hapo ndipo usingizi unapokuruka. Vijana wanakimbilia dirishani na machungwa yaliyomenywa, na wewe ambaye Dar unabishania shilingi mia ya nyanya, unanunua mfuko mzima bila kuuliza bei. Unamwita konda "mgosi". Mpaka sauti inabadilika! Siku tatu za Idd zikiisha, uko kwenye basi la asubuhi na samaki wa kukaanga kwenye ndoo, umenuna kama mtoto aliyenyang'anywa kitu.

Waja leo, waondoka leo. Msemo wa Tanga huo, na unahusu wageni.

Wewe ni mgeni?

Basi tufanye hesabu ya mnazi. Mnazi wetu wa pwani, ule mrefu wa asili, huchukua miaka sita hadi minane kuanza kuzaa. Ukiupanda mwaka huu, unakunywa dafu lako la kwanza ukiwa na 40 hadi 42. Ukiupanda siku unayopokea kiinua mgongo, utalinywa ukiwa na 66 hadi 68, na hutaliangua mwenyewe. Utamlipa kijana wa watu apande, wewe uko chini umeshika kiuno.

Ndoto yako ina miti ndani yake. Miti inataka miaka. Miaka hiyo unamwachia nani?

Najua utakachosema. Hela.

Hela! Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida ije kupandwa huko huko Pangani unakokuota. Iliyofika ikiwa hai ni 62. Kutokana na miche hiyo 62 nchi hii ilikuja kuongoza dunia kwa mkonge, tani zaidi ya 200,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sikuambii umshangilie mkoloni. Jasho lilikuwa la manamba, na huenda babu yako alikuwa mmoja wao. Nakuambia kitu kimoja tu: 62. Wewe huna pa kupata miche 62 ya minazi? Huna pa kupata 12? Mmoja je?

Nafasi huna?

Mwandishi Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, huko huko Tanga, alikuwa karani. Aliajiriwa mwaka 1926, akatumikia forodha pale Pangani, akahamishwa Mpwapwa, akarudishwa Tanga. Mchana makaratasi ya serikali, na vitabu vikaandikwa humo humo kwenye maisha ya ajira na uhamisho. Alifariki mwaka 1962 akiwa na miaka 53. Angengoja kustaafu kama unavyongoja wewe, leo tungekuwa tunasoma nini?

Hakungoja.

Wenye kujua thamani ya saa ni akina mama wa mwani. Bamvua likifika na maji yakitoka mbali, wanaingia, kanga zimekazwa kiunoni, vigingi na kamba mkononi. Wanafunga vipande vya mwani kimoja kimoja, wameinama, maji ya magotini. Saa chache tu, kisha bahari inarudi kudai mahali pake. Aliyelala amelala, ajaribu bamvua lijalo, baada ya wiki mbili. Hakuna mama anayeiambia bahari "nikistaafu".

Na pwani yenyewe haikai ikikungoja. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na miti, na kasa walikwenda kutaga pale. Leo ni fungu la mchanga. Maji yakijaa, hulioni. Barabara ya pwani ya Tanga, Pangani hadi Bagamoyo nayo imeshaingia kwenye mipango na mikataba, na wenye pesa wameshaanza kuulizia mashamba. Hao hawana mapenzi na Tanga hata robo ya yako. Ila wao wanakwenda.

Wewe unakwenda lini?

Ukienda, nenda kwa miguu yako. Mimi nilikilipia kiwanja kwa picha za simu. Kwenye picha kulikuwa na mchanga mweupe. Nilipofika nikakuta mikoko, na maji yakijaa kiwanja changu kinavuliwa kamba. Uzembe wangu, simlaumu mtu. Kwa hiyo kaa na halmashauri ya kijiji, ongea na majirani wa mipakani, uliza habari za hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Na usipime msingi ufukweni: sheria ya mazingira inataka mita 60 kutoka bahari. Zitakutosha. Upepo unafika, na sauti ya mawimbi usiku inafika.

Lakini usijifiche nyuma ya hati nayo. Huna kiwanja? Shangazi yako ana uwanja nyuma ya jiko. Kapande pale.

Nazi ya mbegu ni ile iliyokaukia mtini, ukiitikisa unasikia maji. Ilaze ubavu kwenye kivuli, ifukie nusu, imwagilie, mwachie shangazi aiangalie. Baada ya miezi michache atakupigia kukwambia imechipua, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, utakuwa na kitu chako kinachokua Tanga.

Mabasi yanaondoka alfajiri, Ijumaa hii.

Tiketi umeshakata?