Watu wa Mji wa Pwani, na Sisi Tulio Chini ya Mlima

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu wa Kitale na Bungoma, katika darasa letu la tafsiri tumefika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 163 na zinazofuatia, penye kisa cha mji uliokuwa kando ya bahari. Kisa hiki wengi wetu twakijua tangu chuoni, lakini twakijua kama watoto wajuavyo hadithi: tumewakumbuka manyani, tukayasahau yaliyowafanya watu wakawa manyani.

Watu wa mji ule, nao ni katika Bani Israili, walikatazwa kuvua siku moja katika juma. Siku sita bahari ilikuwa yao, na siku ya saba haikuwa yao. Mwenyezi Mungu akawatia mtihanini: samaki wakawa huja siku ile ile iliyokatazwa, huonekana waziwazi juu ya maji, na siku nyingine hawaji. Wafasiri wanasimulia kwamba watu wale walitumia hila. Waliweka mitego yao Ijumaa, samaki wakanasa Jumamosi, nao wakaenda kuwatoa Jumapili, kisha wakasema kwamba siku ya Sabato hawakuvua. Maneno yao yalikuwa ya kweli na vitendo vyao vilikuwa vya uwongo. Na hila ya namna hii haikuanza kwao wala haikuishia kwao.

Lakini tunalotaka kulitazama leo si hila, bali ni hesabu ya watu. Mji ule uligawanyika makundi matatu. Kundi la kwanza lilivunja amri. Kundi la pili liliwakataza. Kundi la tatu halikuvunja wala halikukataza, bali liliwauliza wale wa pili wanajisumbulia nini kuwaonya watu ambao Mungu atawaangamiza. Kurani inatueleza mwisho wa makundi mawili: waliokataza maovu waliokolewa, na waliodhulumu waliadhibiwa. Ama la tatu, halikutajwa mwisho wake, na maulamaa wamekhitalifiana. Imepokewa kwamba Ibn Abbas (R.A.) alikuwa akilia kwa kutojua hali yao, mpaka mwanafunzi wake Ikrima akamtolea hoja kwamba nao waliokoka, kwa kuwa waliyachukia maovu yale, akaipenda hoja ile akamvika nguo. Basi mwanachuoni wa umma huu aliwalilia watu walionyamaza. Sisi twanyamaza, na hatulii.

Msomaji atauliza: bahari iko wapi hapa kwetu? Kutoka Kitale hata Mombasa ni safari ya mchana na usiku. Twasema kwamba kilichowekewa mpaka kwa manufaa ya wote hukumu yake ni moja, kiwe mwamba wa baharini au msitu wa mlimani. Na kabla hatujapanda mlima wetu, na tukitazame kwanza kisiwa kimoja cha ndugu zetu wa Pemba, kwa maana wao walikuwa mbele yetu katika jambo hili.

Kisiwa hicho ni Misali, magharibi ya Pemba. Ni kidogo, mtu hukizunguka kwa miguu, lakini miamba yake ndiyo mazalio ya samaki, na maelfu ya watu wa Pemba huishi kwa bahari ile. Kulikuwa na wavuvi wakivua kwa baruti. Baruti huua samaki mkubwa na mdogo, na huuvunja mwamba ambao ukishavunjika haupatikani tena ila baada ya miaka mingi. Tena katika miaka ya 1990 kulikuwa na shauri la kumpa mgeni kisiwa hicho ajenge hoteli. Wavuvi na watu wengine wakapinga, na shauri lile likaanguka. Mwaka 1998 Serikali ya Zanzibar ikakitangaza kuwa mahali pa hifadhi. Pakawekwa sehemu isiyovuliwa kabisa, na sehemu ya kuvua kwa taratibu. Na uangalizi haukuachiwa maofisa peke yao, bali wavuvi wenyewe walikuwa na chama chao na kamati yao. Mwaka 2005 Misali ikaingizwa katika hifadhi kubwa zaidi ya mkondo wa Pemba.

Na sheria ya serikali haikutosha. Mvuvi mwenye watoto wenye njaa, akiambiwa kwamba kuna karatasi imetiwa sahihi mjini, karatasi hiyo haimzuii usiku. Ndipo masheikh wa huko walipoitwa, na wavuvi wakasomewa kwa dalili za Kurani kwamba mwanadamu ni khalifa katika ardhi na si mwenye mali, na kwamba kufisidi ardhi baada ya kutengezwa kwake kumekatazwa. Wako waliokuwa hawaisikii serikali, wakaisikia aya.

Husimuliwa huko kwamba Nabii Khidhri alifika kisiwani akataka msala wa kusalia, ukakosekana, akasema kisiwa chenyewe ndicho msala wake, na ndiyo asili ya jina Misali. Sisi hatuna dalili ya khabari hii, wala hatuihitaji. Kadhalika ubani upelekwao mapangoni haumlindi kasa wala samaki. Kisiwa kina heshima yake kwa kuwa Mwenyezi Mungu amekiumba na watu wanakihitaji, na hiyo yatosha.

Sasa tuje kwenye asili ya jambo hili katika dini. Katika zama za ujahili, bwana mwenye nguvu alikuwa akijitwalia malisho mazuri, akawazuia watu wasiyaguse. Mtume (S.A.W.) akaiondoa desturi hiyo, akafundisha kwamba hakuna himaya ila ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake, yaani mtu hawezi kuweka mpaka kwa ajili ya tumbo lake, mpaka huwekwa kwa maslaha ya Waislamu wote. Yeye mwenyewe aliiwekea himaya Naqii, karibu na Madina, kwa ajili ya farasi. Baadaye Sayyidna Umar (R.A.) akaiwekea Rabadha, akamtia mtumwa wake aliyemwacha huru, jina lake Hunayy, awe mwangalizi.

Wasia aliompa umo katika Sahihi ya Bukhari, na tungependa kila askari wa msitu na kila mwanakamati ausikie. Alimwamrisha awe mpole kwa Waislamu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwani hiyo hujibiwa. Akamwambia amwachie aingie mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na awaweke mbali wanyama wa Abdulrahman bin Auf na wa Uthman bin Affan. Na hawa ni nani? Ni katika wale kumi waliobashiriwa Pepo! Mali yao ilikuwa halali, wala hawakuwa wezi. Lakini Umar alitoa sababu: wanyama wa hawa wakifa, wana mitende na mashamba ya kurejea; ama maskini, wanyama wake wakifa, atakuja na watoto wake kumlilia Amirul-Muuminin, na hapo itabidi apewe dhahabu na fedha, na majani ni rahisi kuliko dhahabu. Kisha Umar akakiri kwamba watu wa nchi ile waona amewadhulumu, na kwamba nchi ni yao, waliipigania katika ujahili na wakasilimu juu yake. Na lau si kwa haja ya umma asingaliwazuilia hata shibiri moja. Tazameni khalifa mwenye dola kubwa anavyoona uzito wa kumwekea raia mpaka katika nchi yake!

Sasa na tuupande Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba. Mto Kuywa unateremka kutoka huko ukaingia Nzoia. Nzoia yenyewe huchota maji ya Elgon na ya vilima vya Cherangani, ikapita Webuye na nchi ya miwa ya Mumias, ikafika Budalangi ambako watu hulala kwa hofu ya mafuriko, kisha ikaingia ziwa Victoria. Upande wa pili mto Suam huenda kuwa Turkwel, ukawanywesha Waturkana katika nchi ya ukame. Maji ya udhu katika misikiti yetu mingi yalikuwa ukungu juu ya miti ya mlima ule kabla hayajafika katika birika. Mtume (S.A.W.) alipiga mfano wa watu katika jahazi, wengine juu na wengine chini, wale wa chini wakataka kutoboa sehemu yao ili wapate maji bila kuwaudhi wa juu, wakiachwa watazama wote, na wakishikwa mikono wataokoka wote. Kwetu mfano umepinduka: tundu hutobolewa juu, na wazamao ni wa chini.

Sehemu ya mlima upande wa Trans Nzoia ni mbuga ya taifa tangu mwaka 1968. Sehemu nyingine ni misitu ya serikali. Na Chepkitale, upande wa Bungoma, nchi ya Waogiek, iligeuzwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 2000. Waogiek walikuwa wakiishi huko kwa mifugo na asali, wana mipaka yao na miiko yao juu ya msitu. Wakafukuzwa, nyumba zao zikachomwa, wakarudi, wakafukuzwa tena. Wakaenda mahakamani. Mwezi wa Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma ikahukumu kwamba kugeuzwa kule kulikwenda kinyume cha Katiba, na kwamba ardhi ile ni ya jamii. Hawa si Waislamu, wengi wao. Lakini haki haiulizi kibla cha mtu, na aliyesoma maneno ya Umar juu ya watu wa Rabadha atajua hukumu hii inatoka katika mlango gani wa uadilifu. Tena yatupasa kukumbuka vita vya Mlima Elgon vya 2006 hata 2008, vilivyotokana na ugawaji wa ardhi ya Chebyuk. Watu wengi waliuawa, na wengine hawajulikani walipozikwa hata leo. Mgawanyo wa dhuluma huanza kwa kalamu na huishia kwa panga.

Basi sheria ya nchi imetupa nini? Katiba ya 2010, katika kifungu cha 69, imeilazimisha serikali iwashirikishe wananchi katika kuyasimamia na kuyalinda mazingira. Sheria ya misitu ya 2005, na ile ya 2016 iliyoishika nafasi yake, zimewapa watu wanaokaa kandokando ya msitu haki ya kufanya chama, kuchagua viongozi, na kutia mkataba na Shirika la Misitu. Chama hicho ndicho kinachozungumza habari za kuni, malisho, mizinga ya nyuki, na yale mashamba ambayo mkulima hulima mahindi na viazi katikati ya miche kwa miaka michache mpaka miti ikue. Yaani himaya ipo, na Hunayy yupo. Aliyekosekana ni mtu wa kumuuliza Hunayy amefanya nini.

Na hapa, ndugu zetu, twaingia nyumbani. Katika mikutano ya vyama hivyo hatuonekani. Wanaokwenda ni wenye shida na wenye tamaa. Mwenye shida hukaa nyuma, mwenye tamaa hukaa mezani. Hesabu husomwa mbio mbio, hakuna anayeomba daftari alione. Na tumeyasikia kwa zaidi ya mtu mmoja, kwamba katika mashamba ya msituni mna yaliyoandikwa majina ya matajiri wa mjini, wenye maduka na malori, na mjane aliye karibu na msitu akaambiwa nafasi zimekwisha. Lau wote hao wangekuwa watu wa dini nyingine tungalinyamaza kwa adabu. Lakini wamo wanaosali safu ya kwanza. Ikiwa Uthman bin Affan, mkwe wa Mtume, aliwekwa mbali na malisho ya maskini, wewe mwenye duka umepata wapi ruhusa?

Wako watakaosema: hii ni siasa, na msikiti si mahali pake. Twawajibu kwamba kuangalia mizani ya sokoni ilikuwa kazi ya hisba tangu zama za masahaba, na msitu ni mizani kubwa kuliko ya muuza ndizi. Wengine watasema: sisi ni wachache hapa, si nchi yetu. Mmezaliwa hapa, mababu wengine wamezikwa hapa, na maji mwayanywa. Uchache haumwondolei mtu amana. Na wengine, nao ndio wengi, watasema: hao wamekwisha haribu, kuwaonya kuna faida gani? Maneno haya tumeyaona juu, yalisemwa na kundi la tatu.

Tena kuna jambo la kustaajabisha. Mvua ikichelewa twatoka uwanjani kusali swala ya kuomba mvua, nayo ni sunna iliyothubutu, hatuipingi. Lakini baada ya swala twarudi nyumbani na kununua gunia la makaa lililoshuka mlimani usiku, bila kibali, kwa kuwa ni rahisi kwa shilingi mia. Twaomba kwa mikono miwili, na mikono ile ile ndiyo inayolipa shoka.

Kwa hiyo twataka mambo yaliyo mepesi. Kila msikiti utoe watu wawili wa kuhudhuria mikutano ya chama cha msitu kilicho karibu nao, na mmoja awe mtu ajuaye hesabu. Wasiende kutafuta vyeo. Waende kuomba daftari la mashamba na daftari la fedha, wauliza kwa upole, na jibu walilete msikitini mbele ya watu. Wenye kuuza makaa wamuulize mletaji kibali chake. Na aliye na shamba msituni asilolistahili alirudishe kabla ya kupanda mahindi msimu ujao, ili lipate kupewa anayelihitaji. Majina ya watu wawili wawili na yafike kwa maimamu wenu baada ya swala ya Ijumaa, nasi tutayakusanya katika darasa litakalofuata, penye aya ya 166. Wabillahi taufiq.