Mzigo Uliolala Juu ya Mkanda

Umeme wa Unguja huingilia Fumba. Waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni huibukia pale. Ule wa kwanza, wa mwaka 1980, ulituacha kizani mara mbili: karibu mwezi mzima mwaka 2008, kisha miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja mwaka 2013, tukashukuru. Lakini umeme haujaacha kukatika, na Fumba ya leo ina viwanda na ujenzi mwingi. Ndipo inaponijia hofu ya konveya, ule mkanda wa mpira unaobeba kokoto, saruji au sukari.

Umeme ukikatika, wengi wetu tuna wazo moja: ukirudi tutabonyeza swichi, kazi iendelee. Mkanda uliojaa hauna subira hiyo. Mpira hubonyea kati ya rola na rola. Mchanga mbichi hushikana, saruji ikipata unyevu wa pwani huganda, sukari hufanya mabonge. Mkanda unaopanda juu, ukiwa hauna kizuizi kizima, huweza kurudi nyuma na kummwagia mzigo wote aliye chini. Na swichi ikibonyezwa, mota huvuta umeme mara tano au sita ya kawaida yake, huku puli ikizunguka na mkanda haujongei. Mpira husuguliwa mpaka ukanuka.

Harufu ile ni dalili. Mota inayoguna ni dalili. Fyuzi inayokatika mara mbili ni dalili, na anayetia fyuzi kubwa zaidi ili isikatike tena amenyamazisha dalili, ugonjwa ameuacha.

Nitasema kisa cha kweli. Katika kiwanda cha Imperial Sugar, Port Wentworth, jimbo la Georgia, Marekani, kulikuwa na mkanda uliopita chini ya maghala marefu ya sukari. Mwaka 2007 waliufunika kwa mabati ya chuma ili sukari isiingie uchafu. Nia ilikuwa njema. Ila mabonge yalipoziba njia, sukari ilimwagika na kurundikana mle ndani, na vumbi lake halikuwa na pa kutokea. Usiku wa tarehe 7 Februari 2008 vumbi hilo liliripuka. Wachunguzi waliona kuwa huenda liliwashwa na beringi iliyopata moto mno. Mripuko wa kwanza ulitimua vumbi lililolala juu ya mihimili na sakafuni, nalo likaripuka pia. Watu 14 walikufa.

Mkanda ule haukusimamishwa na umeme kukatika, lakini ugonjwa ni ule ule: kitu kilichoachwa kukaa pasipostahili. Na kinachonisumbua zaidi ni dalili. Sukari ilitanda sakafuni kila mtu akiiona. Moto mdogo mdogo ulishawahi kuwaka miaka ya nyuma, ukazimwa, watu wakarudi kazini. Hatari ya vumbi la sukari ilijulikana kwa miongo mingi. Kila moto uliozimika salama uliwazidishia imani kwamba hakuna neno. Tusiwacheke, nani kati yetu hajapita juu ya mchanga uliomwagika akasema atafagia kesho?

Basi ndugu zangu, kabla ya kuzima, zuieni mzigo usiingie, muuache mkanda ujimwage hata ubaki mtupu. Umeme ukikatika ghafla, zimeni swichi kubwa na kuipiga kufuli kabla mtu hajashika koleo, na ufunguo ukae mfukoni mwa huyo anayesafisha, asiachiwe msimamizi wala usitundikwe ukutani, kwa sababu umeme wetu ukirudi haubishi hodi. Na nyinyi wenye viwanda, hesabuni muda wa kusafisha ndani ya zamu na muulipe. Nionavyo, mzigo hulala juu ya mkanda hasa kwa kuwa saa ya kuutoa haina mwenyewe.