Kasi si Haraka

Treni ya vitofali vya LEGO haina safari. Ukiunganisha vipande 16 vya reli za kona unapata duara kamili lenye nusukipenyo cha sentimita 32, na mzunguko wake hauzidi sana mita mbili. Hakuna abiria anayesubiriwa, hakuna mzigo unaoozea njiani, na kituo inachofika ndicho kilekile ilichotoka. Hata hivyo, mtu akishaijenga na kuiwasha, awe na miaka minane au hamsini, haipiti muda kabla hajatamani iende kasi zaidi. Inawahi wapi?

Swali linaweza kuonekana la kitoto, lakini mimi naliona zito. Katika maisha ya kila siku, hamu yetu ya kasi huvaa visingizio: tunawahi kazini, tunawahi mgonjwa, tunawahi soko kabla bei haijashuka. Ukiuliza kama mtu anapenda kasi yenyewe, atakuonyesha saa yake. Treni ya kuchezea haina saa. Juu ya zulia, hamu ya kasi inabaki peke yake, na tunaweza kuitazama vizuri na kuuliza kama kuna ubaya ndani yake.

Tuanze na namna inavyotimizwa. LEGO, kampuni ya Denmark, ilitoa treni yake ya kwanza yenye mota mwaka 1966, na njia za kuiongezea mwendo si siri. Ya kwanza ni betri. Kisanduku cha treni za siku hizi hubeba betri sita ndogo. Za kawaida zikiwa mpya zina volti 1.5 kila moja, jumla volti 9. Za kuchaji zina volti 1.2, jumla 7.2. Anayebadilisha za kuchaji kwa mpya za kawaida huona tofauti papo hapo, na huilipia dukani kila zikiisha. Njia ya pili ni kupunguza mabehewa na kutoa nywele na nyuzi za zulia zilizojisokota kwenye magurudumu.

Ya tatu ni gia. Gia ya meno 24 ikisukuma ya meno 8, gurudumu huzunguka mara tatu kwa kila mzunguko mmoja wa mota. Lakini nguvu ya kuvuta hushuka hadi theluthi moja, hata kabla ya kuhesabu msuguano. Treni iliyokuwa ikiondoka vizuri na mabehewa manne sasa inanguruma tu mahali pamoja. Ya nne ni kuongeza mota ya pili, na hapa wengi hutegemea kasi maradufu. Hawaipati. Watu wawili wakisukuma mkokoteni hawakimbii mara mbili ya mmoja. Wanachopata ni kutochoka upesi mzigo ukiwa mkubwa. Mota mbili zitavuta mabehewa mengi bila kulegea, ila kila moja ina ukomo wake wa kuzunguka, na ukomo huo haujumlishwi.

Tuseme yote hayo yamefanyika na treni sasa inakwenda kweli. Inafika kwenye kona, inaegemea nje, behewa la mwisho linainuka, na vitofali vinatawanyika chini ya kochi. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inayotakiwa kuishikilia treni kwenye kona huongezeka mara nne. Mota haina la kufanya hapo. Ndiyo maana wanaoishughulikia michezo hii kwa dhati hufika mahali wakaacha kuhangaika na mota wakaanza kuhangaika na reli. Hutafuta kona pana zaidi, ambazo watengenezaji wengine huziuza, na kona pana hudai sakafu. Meza inasogezwa, kisha kochi, kisha chumba chenyewe kinakuwa kidogo. Kasi tuliyodhani imo ndani ya mashine inageuka kuwa ruhusa inayotolewa na kila kitu kinachoizunguka mashine.

Kiswahili kinatusaidia hapa, maana kina maneno mawili ambayo tunayachanganya bure. Kitu kina kasi. Mtu ana haraka. Upepo una kasi, mto una kasi, treni ya vitofali ina kasi, na hakuna hata kimoja chenye haraka. Haraka ni hali ya moyo: ni deni la muda ambalo mtu anajiona anadaiwa. Wahenga waliposema haraka haraka haina baraka, hawakuilaani kasi. Na wahenga haohao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo.

Tofauti hiyo inaweza kuua. Tarehe 25 Aprili 2005, katika mji wa Amagasaki nchini Japani, treni ya abiria iliingia kwenye kona kwa kilomita 116 kwa saa. Kona hiyo ilikuwa na nusukipenyo cha mita 304, na mwisho wa mwendo ulioruhusiwa ulikuwa kilomita 70. Ukifanya hesabu ileile ya kwenye zulia, reli ilidaiwa nguvu ya zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya mwendo halali. Treni iliacha reli na kugonga jengo la makazi. Watu 107 walikufa, akiwemo dereva mwenyewe, kijana wa miaka 23.

Kijana huyo hakuwa akifurahia kasi. Alikuwa amepitiliza kituo kilichotangulia, akalazimika kurudi nyuma, na sasa alikuwa amechelewa kwa muda usiofika dakika mbili. Kazini kwake kuchelewa kuliadhibiwa: madereva waliokosea walipelekwa kwenye mafunzo ambayo wengi waliyaona ni fedheha, naye aliwahi kuyapitia. Treni yake ilikuwa na kasi, lakini aliyeisukuma kwenye kona ile ni haraka, tena haraka aliyotiwa na wengine. Ratiba ilikuwa imebanwa na mtu mwingine, na adhabu ilikuwa imepangwa na mtu mwingine.

Nchi hiyohiyo ina mfano wa upande wa pili. Oktoba 1964 ilifungua reli ya Shinkansen kati ya Tokyo na Osaka, na treni zake zilifika kilomita 210 kwa saa, karibu mara mbili ya mwendo wa ile ya Amagasaki. Wajenzi hawakumtaka dereva awe shujaa. Walitoboa milima, walijenga madaraja, na kwa kawaida kona zao walizipa nusukipenyo kisichopungua mita 2,500. Waliilipia kasi kabla ya abiria wa kwanza kukata tiketi. Kwa miaka yote tangu hapo, treni za Shinkansen hazijaua abiria hata mmoja kwa kugongana au kuacha reli.

Ukiviweka vitu hivi vitatu pamoja, zulia, Amagasaki na Shinkansen, ubaya hauonekani kukaa kwenye mwendo. Unakaa kwenye swali la nani analipa, na kama aliulizwa. Mtoto anayeongeza gia akijua treni itapinduka analipa mwenyewe: atapiga magoti, atatafuta vipande, atajenga tena. Wajenzi wa Shinkansen walilipa kwa fedha na ardhi, mapema. Kule Amagasaki, dakika zilizopotea zilidaiwa kutoka kwa watu waliokuwa wamekaa kwenye viti vyao bila kujua kuwa wao ndio malipo.

Nilidhani hamu isiyo na kisingizio ndiyo ya kutiliwa shaka, na yenye sababu ndiyo halali. Mambo yanaelekea kinyume. Mtu anayependa kasi kwa ajili ya kasi huwa na subira ya ajabu: atahesabu meno ya gia, atasafisha ekseli, atangoja mpaka apate kona pana, kwa kuwa hana anachokiwahi. Mwenye sababu nzuri ndiye huruka hatua. Abiria wa basi la mkoani anayemhimiza dereva akanyage mafuta hana mapenzi yoyote na mwendo; ana msiba, ana usaili, ana mtu anayemsubiri stendi. Sababu zake ni za kweli, na kwa sababu ni za kweli hatazami kona wala haulizi jirani yake wa kiti.

Kwa hiyo mtoto akiomba treni yake iende kasi zaidi, sioni haja ya kumsomea methali. Mpeni gia, mpeni betri mpya, mwacheni aione ikipinduka. Kisha aulizwe yuko tayari kusogeza nini ili kona ipanuke. Sisi wakubwa, tunaoidai kasi kwa madereva wa watu wengine, ni nadra kuulizwa hivyo.