Mlima Umeshachongwa, Panda Baiskeli

Acha kusema huwezi. Great Allegheny Passage ni njia ya kilomita 240 inayokatiza milima kutoka Cumberland, Maryland, hadi Pittsburgh, Pennsylvania. Karibu yote haipitiwi na magari. Wanaipita wastaafu wenye mvi, wazazi na watoto wao, vijana waliofunga mahema kwenye keria. Wewe pia unaiweza, hata kama umenenepa, hata kama mara ya mwisho kupanda baiskeli ulikuwa unatumwa dukani.

Nasema hivyo kwa sababu ya treni zilizokuwa zikipita hapo. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza mlima ukiwa mkali, kwa hiyo wahandisi hawakuweza kuipandisha treni popote walipotaka. Ilibidi wachonge miamba, wajaze mabonde, watoboe mahandaki na kuizungusha njia kandokando ya mito, mpaka mwinuko ukawa ule ambao injini inaumudu ikiwa na msururu wa mabehewa nyuma yake. Sehemu kubwa ya njia hii ilikuwa ya reli ya Western Maryland, iliyofika Connellsville mwaka 1912. Miaka ya 1970 treni zikaacha kupita sehemu kubwa ya reli hiyo na vyuma vikang'olewa. Mlima haukurudi ulivyokuwa! Leo hata upande wake mkali kuliko wote, ule wa kutokea Cumberland, haupandi mita 2 kwa kila mita 100. Kazi ngumu walishaifanya watu ambao hawapo tena duniani. Wewe umebakiwa na kunyonga tu.

Na unyonge kweli, maana kilomita 38 za mwanzo ni kupanda mfululizo. Weka gia nyepesi, tulia, usishindane na anayekupita. Tairi zitasaga changarawe ya chokaa kwa mlio uleule, na usipoangalia nyuma hutajua umepanda kiasi gani. Unaupita mji wa Frostburg, unavuka mpaka wa Pennsylvania, kisha unafika kwenye mdomo wa handaki la Big Savage. Hapo simama. Geuka uyatazame mabonde ya Maryland yaliyolala chini, uone miguu yako imekufikisha wapi. Halafu vaa koti, washa taa, ingia. Ni kama kilomita moja ya ubaridi ndani ya mlima, na sauti yako inakurudia kutoka ukutani.

Ukitokea upande wa pili, si mbali utafika kilele cha safari, mita 729 juu ya usawa wa bahari. Tone la mvua likianguka mashariki ya hapo hushuka hadi mto Potomac na bahari ya Atlantiki; likianguka magharibi, linakwenda mto Ohio, linaingia Mississippi na kuishia Ghuba ya Mexico. Wewe sasa unayafuata maji ya magharibi. Kilomita 200 zilizobaki, kwa jumla, zinateremka: karibu na Meyersdale unapita juu ya bonde la mto Casselman kwenye daraja la Salisbury lenye urefu wa mita 582, kisha unaandamana na mto Youghiogheny kupitia misitu ya Ohiopyle.

Njia yenyewe haikupatikana kwa siku moja. Kipande cha kwanza kilifunguliwa Ohiopyle mwaka 1986, na njia ikakamilika hadi katikati ya Pittsburgh mwaka 2013. Miaka 27! Wananchi wa miji midogo walijitolea, wakachangisha fedha na kubembeleza ofisi moja baada ya nyingine. Waliona tuta tupu lenye magugu na hawakukubali life.

Basi ndugu yangu uliyeko Marekani, unayeiona baiskeli yako ikishika vumbi barazani, piga hesabu nami. Mwendo wa kilomita 15 kwa saa, saa nne kwa siku: kwa siku nne umemaliza, na jioni zote unalala mjini. Handaki la Big Savage hufungwa majira ya baridi, kwa hiyo lenga Mei au Septemba. Leo jaza upepo, paka mnyororo mafuta, nunua tyubu ya akiba. Kesho nyonga kilomita 10. Wiki ijayo 20. Mwambie na shemeji yako, mwende wote.